Ngurumo Katika Mwaka wa Usafi wa Ndani

Nchi yenyewe imebadilishwa jina mara nyingi, kwa hiyo sitalitaja nisije nikalikosea. Itoshe kusema kwamba ilikuwepo, ilikuwa na milima, barabara moja ya lami, bunge lisilokohoa, na rais aliyeitwa Mtukufu Baba wa Usafi. Kama leo haipo, basi ipo nyingine inayovaa nguo zake.

Balaa lilianzia kwenye gwaride. Gari la Mtukufu, refu, jeusi, lililofutwa kila asubuhi kwa kitambaa cha hariri, lilipita mbele ya mabalozi likitoa moshi wa bluu kama jiko lililotiwa kuni mbichi. Upepo ukausukuma moshi jukwaani. Balozi mmoja akakohoa, na kikohozi chake kikarushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa.

Mtukufu alimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye. Alikuwa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Mbonde Kisuguru, wakati huo Naibu Waziri wa Ngoma na Mavazi.

"Kisuguru, kitu gani hiki?"

Kisuguru hakuwahi kufunua boneti maishani mwake, isipokuwa mara moja kwa ajili ya kupigwa picha. Lakini hakusita.

"Mtukufu, huu si moshi. Ni uchafu wa ndani ya injini unaokimbia kwa woga baada ya kukuona."

Kabla bendi haijamaliza wimbo, Kisuguru alikuwa Waziri kamili wa wizara mpya, Wizara ya Usafi wa Ndani, na wizara hiyo ilikuwa na dawa. Dawa iliitwa Safindani. Ilikuwa nyekundu, ilinukia waridi, na kila gari katika nchi lilitakiwa kuinywa.

Tuseme ukweli, dawa za namna hiyo zipo duniani. Mtu huimimina kwenye oili ya injini, huiacha injini izunguke polepole kwa muda mfupi, gari likiwa limesimama, na dawa huyeyusha masizi na tope lililoganda humo ndani. Kisha oili yote, ambayo sasa ni nyeusi kama lami, humwagwa palepale, hubadilishwa chujio, na kutiwa oili mpya. Chupa za kwanza zilizotoka ng'ambo ziliandikwa hivyo. Wataalamu wa wizara walizisoma, wakakaa kikao. Tatizo likawa kwenye neno kumwaga. Mjumbe mmoja aliuliza kwa uchungu iwapo kweli kuna mzalendo anayeweza kumwaga kitu kilichomiminwa na serikali. Hakuna aliyetaka kuwa mzalendo huyo. Isitoshe, oili mpya ilikuwa haijaonekana madukani tangu ilipogundulika kwamba inatoka kwa maadui. Ng'ambo wakaachwa na dawa yao. Safindani ikaanza kutengenezwa nyumbani kwa vilivyokuwepo, na kwenye lebo ya chupa yakabaki maneno matatu: Mimina. Washa. Shukuru.

*

Zuwena Kilindo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati ya Vitonga, upande wa pili wa Mlima Tambika, mbali na mji mkuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeanza kazi hiyo baada ya mumewe kufariki akiwa ameushika usukani uleule. Gari lilikuwa kuukuu. Asubuhi lilikohoa kama babu anayeamka, lilidai oili kila baada ya safari chache, na tope lililokuwa ndani ya injini yake lilikuwa limekaa humo miaka mingi hata likawa kama sehemu ya ukoo. Zuwena alijua jambo ambalo kila mwenye gari nchini alilijua, na wizarani walilijua pia: tope lile likibanduliwa lote kwa mpigo na kuachwa humo humo, litaziba njia za oili, na injini itakaukiwa na kukwama.

Watakasaji wa wizara walifika Vitonga wamevaa makoti meupe. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa kwaya aliyeazimwa na wizara. Daktari wa zahanati aliwapokea akiwa ameshafunga vifungo vyote vya shati, hata kile cha shingoni.

"Wakati wa kumimina," alisema mwalimu wa kwaya, "kila mtu anaelekea mji mkuu, anafumba macho, na kuimba Wimbo wa Usafi beti zote."

"Na anayemimina, naye afumbe?" aliuliza Zuwena.

Mwalimu alifungua kijitabu cha kanuni, akasoma kwa makini.

"Anayemimina ameruhusiwa jicho moja."

Basi waligeuka, wakafumba, wakaimba. Wimbo ulikuwa mrefu, na sauti ya pili ilikuwa nzuri sana. Kwa lile jicho moja aliloruhusiwa, Zuwena aliliona tundu la oili, na pembeni yake akaliona tangi dogo la maji ya kuoshea kioo cha mbele. Akamimina Safindani yote kwenye lile tangi la maji, akafunika, akaanza kuimba naye ubeti wa mwisho ili asikike.

Gari likabandikwa kibandiko cha dhahabu. Daktari akapumua.

*

Magari ya nchi hayakufa siku moja. Yalianza kugonga kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa kabatini, kisha yakanyamaza. Lori la mahindi lilinyamaza katikati ya daraja. Basi la wanafunzi lilinyamaza asubuhi ya mtihani. Gari la zimamoto lilinyamaza likiwa njiani kwenda kuzima moto, na moto haukunyamaza.

Watu wakaanza kunong'ona. Hapo Waziri Kisuguru akaja redioni.

"Ndugu wananchi! Mmeusikia ukimya huu? Nani kati yenu amewahi kuisikia nchi yake ikiwa kimya namna hii? Huo ndio usafi! Injini chafu hupiga kelele. Injini safi imetulia, haina malalamiko, haidai kitu. Kuna wapuuzi wanaosema Safindani inaharibu. Nasema, Safindani ni safi kiasi kwamba hata mtoto mchanga anaweza kuinywa!"

Mtukufu aliipenda hotuba, na sheria ikafuata ndani ya wiki ileile. Gari lolote litakalosikika likinguruma litahesabiwa kuwa limekataa kusafishwa. Boneti yenye joto ni kukiri kosa. Dereva, pamoja na wote watakaokutwa ndani ya gari, watasafishwa wao wenyewe kwa ndani.

Wengi walidhani ni maneno ya redio. Kisha akakamatwa mzee Ndarama, dereva wa lori la mbao, aliyependwa pande zote za mlima kwa sababu hakuwahi kumpita mtembea kwa miguu bila kumpakia. Walimnywesha chupa nzima sokoni, mchana kweupe. Zuwena alikuwepo, amebeba kapu la nyanya. Taarifa rasmi ilisema kwamba mzee alisafika kabisa. Walimzika kesho yake, na kaburini palinukia waridi.

Tangu siku hiyo Zuwena alilifunika gari lake kwa makuti nyuma ya chumba cha kufulia, akamwambia kila mtu kuwa nalo limetulia. Alishinda zahanati akikunja mashuka. Kila aliposikia viatu vya askari barabarani, alianza kuyahesabu upya.

*

Asubuhi moja waliletewa Mboni. Alikuwa msichana aliyeolewa mwaka uliopita, mcheshi, mshonaji wa nguo za shule. Alikuwa ameanza uchungu tangu jana yake. Mumewe, Chambuso, na kaka wawili wa Mboni walimbeba kwenye kitanda cha kamba.

Sista Apolina, mkunga wa zahanati, alimpima, akatoka nje akifuta mikono taratibu mno.

"Mtoto amelala kikingama," alimwambia Chambuso. "Hawezi kutoka mwenyewe. Apasuliwe, na wa kupasua yuko hospitali ya mji mkuu."

"Tutambeba, Sista."

"Kuvuka Tambika kwa miguu? Hatafika, mwanangu. Hata mkikimbia."

Chambuso alikaa chini mavumbini. Kutoka ndani sauti ya Mboni ilikuja, ndefu, kisha ikakatika.

Zuwena aliendelea kukunja shuka. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sista," alisema hatimaye, "gari lipo."

"Najua lipo. Limekufa."

"Halijafa."

Sista Apolina alikwenda kwanza akafunga dirisha.

"Unajua watakachokufanya, Zuwena?"

"Nilikuwepo sokoni."

"Na sisi tutakaokuwa ndani?"

"Ndiyo maana nimekwambia kwanza kabla ya kuwasha."

Sista alimtazama kidogo, kisha akaanza kukusanya mkasi, pamba, na chupa za maji.

"Waambie hao vijana waondoe makuti," alisema. "Na wasimsimulie daktari. Ana shinikizo la damu."

*

Mpango ulikuwa mmoja tu. Kila watakapokaribia kizuizi, Zuwena atazima injini, Chambuso na shemeji zake watashuka, na gari litasukumwa kama magari mengine yote ya nchi.

Gari liliwaka alipojaribu mara ya pili, likakohoa, likatoa ngurumo ambayo Zuwena aliisikia mpaka kwenye meno. Ndege waliruka mitini. Wakaondoka.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa chini ya mlima. Alizima kabla ya kona. Vijana waliruka, wakasukuma, na jua likawapiga migongoni.

"Simama!" Askari kijana alinyanyua bunduki. "Mnasukuma nini?"

"Gari safi, afande," alijibu Chambuso, akihema.

"Safi kiasi gani?"

"Halijasikika tangu libandikwe kibandiko."

Askari aliona kibandiko cha dhahabu, akapiga saluti. Wenzake nao wakapiga. Mmoja akajitolea hata kuweka bega asaidie kusukuma. Bega lake lilikuwa nyuma, mbali na boneti, na Zuwena alishukuru Mungu kwa hilo.

Hapo Mboni akaguna. Ulikuwa mguno wa ndani kabisa, unaotetemesha bati.

Askari aliondoa bega. "Nini kinanguruma humo?"

Zuwena alishika ufunguo bila kuugeuza.

Sista Apolina alichungulia dirishani. "Ni mwanadamu, afande. Anajifungua."

Askari aliwageukia wenzake. Walisogea pembeni, wakashauriana, mmoja akihesabu vifungu kwa vidole. Mwishowe alirudi.

"Wanadamu bado hawajaingizwa kwenye sheria," alisema. "Piteni. Lakini fanyeni haraka, kuna marekebisho yanakuja."

*

Walipokuwa wanapanda mlima, baada ya kona kali, walikuta msafara. Lilikuwa gari la waziri, limepambwa bendera, na mbele yake ng'ombe waliovalishwa mashada ya maua. Kwa kuwa gari hilo lilisafishwa kabla ya mengine yote, tena mara nyingi zaidi, lilikuwa ndilo kimya kuliko yote. Ng'ombe walikuwa wamelivuta kutoka mikoani mpaka hapo, wakalala. Askari wa heshima walikuwa wakiwabembeleza.

Zuwena hakupata muda wa kuzima. Mheshimiwa Mbonde Kisuguru mwenyewe alikuwa katikati ya barabara, suti nyeupe, mikono imenyooshwa.

"Simama!"

Akasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Hakukuwa na namna ya kuificha ngurumo ile.

Waziri alilitazama gari, akatazama saa yake, akalitazama gari tena. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Ukimya. Uwanja ulikuwa umejaa, na Mtukufu alikuwa hapendi kusubiri. Waziri wa mwisho kuchelewa alikuwa sasa anasimamia mnara wa taa katika ziwa lililokauka.

Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Zuwena.

"Uwanjani," alisema.

"Tunakwenda hospitali, mheshimiwa. Nyuma kuna mama mja mzito, hali yake mbaya."

"Mteremsheni. Gari litakuwa jepesi."

Zuwena aliondoa mkono kwenye gia.

"Gari hili haliendi bila mgonjwa, mheshimiwa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Na nikizima, huenda lisiwake tena. Chagua, ng'ombe wako au sisi."

Kisuguru aliwatazama ng'ombe. Mmoja alikuwa anatafuna shada la wizara.

"Endesha," alisema akiuma meno.

Waliendelea kupanda, Sista nyuma akisema, "Pumua, Mboni. Pumua, mama," na Chambuso akiomba dua kwa sauti ya chini. Waziri alifungua karatasi za hotuba yake, akaanza kuzipitia akitikisa midomo. Kisha ukungu ukashuka. Huko juu Tambika ukungu hauombi ruhusa. Barabara ilipotea, na matone ya tope kutoka kwenye magurudumu yakakifunika kioo. Kushoto palikuwa na bonde ambalo mwisho wake hauonekani hata siku ya jua.

"Safisha kioo, mwanamke! Utatuua!"

Mkono wa Zuwena ulikwenda kwenye kitufe kwa mazoea ya miaka. Akabonyeza.

Kioo kikawa chekundu. Wipa zikaivuta rangi huku na huku, nzito, yenye utelezi, na ndani ya gari kukajaa harufu ya waridi.

Zuwena alitoa kichwa dirishani ili aione barabara, ukungu ukimlowesha uso, huku akingoja sauti ya mtu aliyekaa kando yake.

"Hiyo," alisema waziri polepole, "ni Safindani."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uliiweka kwenye maji ya kioo."

"Ndiyo."

"Nitakunywesha kwa mkono wangu mwenyewe."

"Sawa, mheshimiwa. Tukifika."

*

Kwa sababu ya ukungu na ule wekundu wa kioo, Zuwena hakukiona kizuizi cha kileleni mpaka boriti ilipokuwa mbele ya taa. Akakanyaga breki. Gari lilisimama likinguruma, karibu kabisa na buti za Sajini Tegemeo Lupala.

Lupala alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, aliyejulikana kwa kufuata sheria mpaka nukta ya mwisho. Alivua glovu, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo kama daktari anayepima homa.

"Moto," alisema. "Zima. Shukeni wote mnaoweza."

Walishuka. Waziri alishuka wa kwanza, akinyoosha koti.

"Sajini, mimi ni waziri wako."

"Naona, mheshimiwa. Ulitufundisha mwenyewe kwenye semina." Lupala akapiga saluti, kisha akaendelea kwa sauti ileile. "Sheria inasema dereva pamoja na wote waliomo. Koplo, lete kasha."

Waliletewa chupa na vikombe vya bati. Lupala akamimina kikombe cha kwanza, akampa Zuwena.

Harufu ya waridi ilimpanda puani, na chini yake harufu nyingine, ya mafuta ya taa. Akilini alimwona tena mzee Ndarama akishikwa kichwa sokoni. Ndani ya gari Mboni alikuwa ameacha kupiga kelele, na huo ukimya ndio uliomtisha Zuwena kuliko kikombe.

"Afande, nitakunywa," alisema. "Ila nimfikishe huyu kwanza. Nitarudi mwenyewe kwa miguu."

"Sheria haina kwanza."

"Basi ina nini?"

"Ina kikombe, dada yangu."

Zuwena alikiinua. Kilifika midomoni. Kisha macho yake yakakutana na ya waziri, naye waziri akayakwepa haraka, akajifanya anatazama ukungu. Zuwena akakishusha.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ambayo askari wote waliisikia, "ulisema redioni hata mtoto mchanga anaweza kuinywa. Mimi ni mwoga, sijazoea. Tuonyeshe inavyonywewa."

Askari walichangamka. Walikuwa wamewanywesha watu, lakini hakuna aliyewahi kumwona mwenye dawa akiinywa kwa hiari. Wakasogea, kama watu wanaojipanga kuona harusi.

"Ni kweli," alisema Lupala kwa heshima kubwa. "Wakubwa hutangulia." Akakitoa kikombe mkononi mwa Zuwena, akakipeleka kwa mikono miwili kwa waziri.

Kisuguru alikipokea. Asingeweza kukikataa mbele ya bunduki zote zile zilizojaa imani.

"Askari wapenzi," alianza, "wakati huu wa kihistoria, tunaposimama juu ya kilele cha taifa, nikitazama nyuma tulikotoka, na mbele tunakokwenda, na pembeni... pembeni pia... napenda kwanza kumshukuru Mtukufu..."

Alimshukuru Mtukufu, familia ya Mtukufu, na walimu wa Mtukufu wa shule ya msingi. Kikombe kilitetemeka hata kikamwagikia suti nyeupe. Shukrani zilikuwa zimeanza kumwishia. Ndani ya gari Mboni akapiga ukelele mmoja, mkali, wa mtu anayeitwa na kaburi. Waziri alishtuka, na kikombe kikamgusa mdomo.

Akakitupa chini.

"Hii ni mafuta ya taa na rangi!" alifoka. "Inaua! Mnataka kuniua?"

Ukungu uliwapita miguuni. Lupala alikuwa akitazama pale chini, kwenye doa jekundu lililokuwa likiingia ardhini.

"Mzee Ndarama," alisema hatimaye, "nilimshika kichwa mimi."

"Sajini..."

"Alikuwa ananiita mwanangu. Nilimwambia avumilie, itamsafisha. Wewe ndiye uliyeniambia itamsafisha."

"Sajini, haya ni mambo ya kisera, huwezi ukayaelewa kwa..."

"Koplo!" Sauti ya Lupala ilipasuka, kisha akaituliza kwa nguvu. "Mheshimiwa amesema maneno mabaya juu ya Safindani, mbele ya mashahidi. Kuitukana Safindani ni uhaini. Kifungu cha mwisho. Mfungeni."

Walimfunga kwa kamba ya kufungia mbuzi, wakampeleka kwenye kibanda cha mabati. Alipiga kelele za cheo chake chote mpaka mlango ulipofungwa.

Lupala alinyanyua boriti kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda."

"Na sheria, afande?" Zuwena aliuliza, kwa kuwa hakuamini.

"Mahabusu yangu ina nafasi ya mtu mmoja, na leo nimepata mnene." Uso ulikuwa umemlowa, na haukuwa ukungu tu. "Nenda, dada. Nenda haraka."

Zuwena alizungusha ufunguo. Gari likakohoa na kukataa. Akazungusha tena, likakataa. Askari walitazama miguu yao. Mara ya tatu likawaka, na Sista Apolina akapaza sauti kutoka nyuma, "Bado ana mapigo! Twende!"

*

Walimpasua Mboni jua likiwa bado juu. Mtoto alikuwa wa kike. Alichelewa kulia, wakampigapiga, kisha akalia kwa nguvu ya kuwafanya wauguzi wakimbilie madirisha na kuyafunga, kwa mazoea ya woga, mpaka mmoja alipokumbuka kwamba watoto hawajaingizwa kwenye sheria. Wakayafungua tena. Chambuso alikaa sakafuni kwenye korido akicheka na kulia kwa zamu.

Redio iliyokuwa kwenye meza ya mapokezi ilikuwa ikisoma taarifa. Aliyekuwa Waziri wa Usafi wa Ndani alikuwa amegundulika kuwa na uchafu wa ndani. Mtukufu alikuwa ameteua waziri mpya, ambaye ametangaza mageuzi makubwa: kuanzia sasa Safindani itakuwa ya kijani na itanukia limau. Sheria zote zilizopo zinaendelea kama kawaida.

Zuwena alisikiliza mpaka mwisho. Mwili wake ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Alitaka kulala pale pale kwenye benchi. Lakini muuguzi alikuja na ujumbe wa simu kwamba katika kijiji cha jirani na Vitonga kuna mtoto ameungua na uji, na hakuna wa kumleta.

"Gari lako liache hapa, tulifunike," muuguzi alimshauri. "Tutatafuta mkokoteni."

"Mkokoteni utafika lini?"

Muuguzi alikwenda kumletea bandeji za kuchukua njiani.

Zuwena alitoka uani. Gari lilikuwa kando ya geti, kioo chake bado kina michirizi myekundu. Mlinzi wa geti, mtu wa makamo aliyeitwa Sefania, alikuwa amesimama na rungu. Barabarani watu walipita kimya, kama walivyokuwa wamezoea kupita. Aliingia, akashika ufunguo, akakaa hivyo kwa muda akijisikiliza anavyoogopa. Kisha akawasha.

Ngurumo ilipiga kuta za hospitali, ikatoka nje ya geti, ikaingia mjini. Watu barabarani walisimama walipokuwa. Mama mmoja alimfunika mtoto wake masikio.

Sefania alikuja mbio. "Dada! Zima! Watasikia!"

"Wasikie."

"Wana redio, wana askari kila kona! Zima, nakuomba!"

Hapo ikasikika. Ilitoka mbali kidogo, nyuma ya ukuta wa mahakama: kikohozi, kikohozi kingine, kisha mngurumo. Sefania aligeuza shingo. Kutoka sokoni lori likaitikia, zito, lenye sauti ya gari lililotunzwa vizuri mahali pa giza. Likafuata jingine upande wa shule. Halafu, kutoka ndani kabisa ya ua wa Wizara ya Usafi wa Ndani, injini nyororo, iliyotiwa oili safi bila shaka, ikaanza kuimba kama haijawahi kuguswa na chupa yoyote.

Mtu mmoja barabarani akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akaacha kujiziba.

Sefania alimtazama Zuwena. Akatazama rungu lake, akaliegemeza ukutani. Aliingia kwenye kibanda chake, akaanza kutupa nje magunia ya mkaa, moja baada ya jingine, vumbi jeusi likimjaa usoni, mpaka pikipiki ikaonekana.

"Nitangulie mbele yako," alisema, akiisukuma mpaka getini. "Kile kizuizi cha stendi namjua anayekilinda."

Alipanda, akaikanyaga kwa mguu wote. Haikuwaka. Akaikanyaga tena.